Barua ya Watu Niliowakana

Kwa miaka yote niliyosoma Kisangani nilikuwa Mbangubangu. Ndivyo marafiki walivyonijua, na ndivyo nilivyojibu kila mtu aliponiuliza kabila. Mimi ni Mtwa, mtu wa jamii ya asili ya msituni. Nilizaliwa Kabambare, kusini mwa Maniema, katika kambi iliyo kando ya mashamba ya watu wengine, upande wa mto Luama. Naandika ushuhuda huu kwa sababu najua wapo vijana wenzangu, Kindu, Bukavu, hata Kinshasa, wanaoishi leo kama nilivyoishi. Siwahukumu. Nawasimulia tu yaliyonipata.

Baba yangu alikuwa Mtwa wa mwenye shamba mmoja. Kwetu ndivyo inavyosemwa: kila familia ya Batwa ina mwenyewe. Baba alimlimia, akamkatia miti, akamwindia. Malipo yalikuwa mihogo, chumvi, nguo zilizochakaa, na mara nyingi mno kikombe cha pombe ya lutuku. Mama aliuza kuni na asali. Deni halikuisha, wala hakuna aliyejua lilianzia wapi. Pale kwa mwenye shamba tulikuwa na kikombe chetu cha plastiki, kimetundikwa kwenye msumari nje ya jiko. Vikombe vyao vilikaa ndani. Utotoni sikuona ubaya wowote. Nilidhani kila watu wana kikombe chao.

Aliyesema niende shule ni shangazi yangu, dada yake baba. Hakuwa na mtoto aliyeishi. Alimfuata katekista wa pale kijijini, akamwomba, akakataliwa, akarudi tena na asali. Enzi zile shule ya msingi ililipiwa. Katiba ya 2006 iliandika kwamba ni ya bure, lakini watoto walikuja kuuona ubure huo Septemba 2019. Kwa hiyo shangazi alilipa. Alibeba mchele wa wafanyabiashara kichwani, siku za soko, na kile alichopewa akakipeleka kwa mwalimu mkuu kidogo kidogo.

Nilipofaulu mtihani wa mwisho wa msingi, katekista alinitafutia mahali Kasongo, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kibangubangu, Mwislamu wa swala tano, mtu mwema. Yeye ndiye aliyeniandikisha sekondari kama mtoto wa nduguye, kwa jina la ukoo wake. "Hapa mjini usiseme," aliniambia. "Wakijua, hata wali hawatakula nawe." Alitaka kunilinda, nami namshukuru hadi leo. Uongo ulikuwa wake kwa siku ile moja ya kuandikishwa. Miaka iliyofuata ulikuwa wangu.

Kasongo ni mji wenye historia, na walimu wetu waliipenda. Tulifundishwa habari za Tippu Tip na mwanawe Sefu. Tulifundishwa jinsi majeshi ya Dhanis, afisa wa Kibelgiji, yalivyouteka mji Aprili 1893. Tulipelekwa Tongoni kuona ulipokuwa mji wa zamani. Tulijua kwamba Livingstone alipita Kabambare akakaa huko miezi mingi akiugua. Batwa hawakuwamo hata kwa mstari mmoja, na mimi nilifurahi hawamo. Wangetajwa, darasa lingecheka, nami ningelazimika kucheka pamoja nao. Nje ya darasa walitajwa kila siku, katika mizaha, na huko nilicheka. Nilijifunza hata kuanzisha mzaha mwenyewe, ili asiwepo wa kunishuku.

Baada ya mtihani wa taifa nilikwenda Chuo Kikuu cha Kisangani kusoma sheria. Anayeijua njia hiyo anajua: Kasongo hadi Kindu kwa pikipiki na matope, Kindu hadi Ubundu kwa mashua kubwa ya mbao juu ya Lualaba, umelala juu ya magunia, kisha Ubundu hadi Kisangani kwa nchi kavu, kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayaruhusu chombo kupita. Nilisoma graduati, nikasoma lisansi, kwa mfumo ule wa zamani wa miaka mitatu na miwili. Sehemu ya minervali, yaani ada ya chuo, alinitumia yule mfanyabiashara. Iliyobaki niliipata kwa kuwapigia chapa wanafunzi wenzangu kazi zao za mwisho kwenye kompyuta ya kukodi. Nilisoma kwa bidii, hilo silikatai. Ila bidii ile ilikuwa ya kukimbia. Kila cheti nilichokipata kiliniweka mbali kidogo na kile kikombe cha msumarini.

Nyumbani niliacha kwenda. Sababu hazikukosekana: njia mbaya, fedha hamna, watu wenye silaha huko Salamabila. Baba alipofariki nilipewa habari nikiwa katika mitihani. Sikwenda. Nilijiambia ni mitihani.

Nilipomaliza lisansi nilikaa bila kazi, kama wengi, mpaka shirika moja likatafuta makarani wa uchunguzi wa kuwahoji Batwa juu ya shule, afya na ardhi. Walitaka mtu anayejua sheria kidogo na Kiswahili cha Kabambare. Nilichukuliwa kama Mbangubangu mwenye uzoefu wa eneo. Sikujua tutafika kambi gani. Orodha ilikuwa kwa msimamizi. Siku moja asubuhi pikipiki zikasimama, nikashuka, nikaona kibanda cha shangazi yangu.

Alikuwa amekaa mlangoni akitwanga. Aliniona kabla sijamwona. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, ananiharakisha. Nilitoa karatasi nikaanza kuuliza, na sauti yangu ilikuwa ileile niliyoitumia katika kambi nyingine zote. Jina lako? Akataja jina lake, taratibu, kana kwamba mimi sijawahi kulisikia. Umri? Hakujua. Watoto? Hakuna aliyeishi. Je, kuna mtu wa familia hii aliyefika sekondari au chuo kikuu?

Alitazama viatu vyangu. Akamtazama msimamizi. Kisha akasema, "Hapana, bwana karani. Sisi hatujafika huko."

Nikaandika hapana.

Tulipomaliza aliingia ndani akatoka na asali juu ya jani, akawagawia wote, makarani na madereva. Mimi alinipa kipande chenye majana. Tangu utotoni alijua ndicho nikipendacho. Hakusema neno, wala hakunitazama. Nilikula nikiwa nimewapa mgongo wenzangu.

Ningependa kuandika kwamba usiku ule nilirudi kwake kumwomba msamaha. Sikurudi. Asubuhi tulipanda pikipiki tukaendelea na orodha, nami nikapokea malipo yangu yote hadi senti ya mwisho. Kama nawe uliwahi kuliona kosa lako waziwazi na bado ukaendelea nalo, basi tuko pamoja. Kuona na kugeuka ni mambo mawili, na kwangu mimi kulikuwa na zaidi ya mwaka kati yake.

Kilichonigeuza, naona aibu kusema, hakikuwa dhamiri. Kilikuwa fomu.

Rafiki alinitumia tangazo la ufadhili wa masomo ya uzamili kwa vijana wa jamii za asili, aina ya ufadhili unaotafuta viongozi kuliko unavyotafuta alama za darasani. Uko mwingi wa namna hiyo. Serikali ya Uingereza ina Chevening, inayomtaka mwombaji aeleze ameongoza nini, kisha arudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva, ina mafunzo yake ya watu wa jamii za asili tangu 1997, na humo mtahiniwa hajitumi mwenyewe: hupendekezwa na jumuiya au chama chake. Fomu yangu nayo iliuliza hivyohivyo. Umewaongoza nani? Nani anakutuma? Ambatisha barua ya jamii yako, yenye sahihi za wazee.

Niliisoma nikacheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza maishani ule Utwa ulikuwa na faida, nami sikuwa na wa kunishuhudia.

Nilitafuta njia ya mkato. Mjini palikuwa na mtu anayeuza barua za aina hiyo, zina mhuri na majina ya wazee wasiojulikana. Wateja wake wengi hawakuwa Batwa; walikuwa watu wa kawaida waliogundua kwamba miradi inawatafuta Batwa. Nilifika hadi kuulizia bei. Mtwa halisi, mtoto wa kambi, nimesimama kwenye kibaraza najadiliana bei ya karatasi ya uongo inayosema mimi ni Mtwa. Kusema kweli, kilichonizuia kwanza ni bei yenyewe. Aibu ilikuja njiani, nikirudi nilikolala, na ilipokuja haikuondoka.

Nikaenda Kabambare. Ilikuwa masika, na njia ile wakati wa mvua, daraja za magogo zikiwa zimehama, sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Maniema. Nilifika jioni, nimejaa udongo hadi kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno. Shangazi aliniangalia akauliza, "Umekula, papa?" Ndivyo alivyoniita utotoni. Maneno yangu yote yakapotea.

Usiku wazee walikaa. Nilisema nimekuja kuomba barua, nikaeleza ya nini. Mmoja wao, ambaye ni wa umri wa baba, alikataa papo hapo. Alisema nilipita na karatasi zangu nikawaandika kama wageni, kwa hiyo nami ni mgeni, na wageni hawatumwi. Alisema kweli. Wengine walinung'unika. Mzee wa kambi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna kamati ya ufadhili iliyowahi kuniuliza kwa uzito ule: "Tukikutuma, utarudi kama nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilitaja jina la baba yangu, nikataja la babu, nikaishia hapo kwa sababu mengine nilikuwa nimeyasahau. Mtu mmoja gizani akanimalizia.

Ndipo shangazi akasimama. Aliwaambia kwamba lile hapana lilikuwa lake, si langu. "Mtoto akijificha, mama yake hamtoi nje mbele ya wageni," alisema. "Nilijua atatoka mwenyewe." Kuhusu kuwakana hakusema kitu. Hakunitetea kwa uongo, na hakunishitaki kwa ukweli. Wema huo sikuustahili. Nimesoma vitabu vingi vya sheria tangu hapo na sijaona mahali panapoeleza deni la namna hiyo hulipwaje.

Barua niliiandika asubuhi, kwa Kiswahili, nikawasomea. Nilikuwa nimeandika kwamba sisi ni jamii maskini iliyosahauliwa. Mzee wa kambi akanisimamisha. "Ondoa iliyosahauliwa. Nani ametusahau? Kila msimu wa kulima wanatukumbuka." Watu walicheka, nami nikafuta. Walitaka iandikwe kwamba wanajua msitu, kwamba wanataka mtu wao mmoja ajue karatasi za msitu, na kwamba huyo mtu ni mimi. Basi. Wengi hawakujua kusoma, na kidau cha wino hatukuwa nacho, kwa hiyo nilivunja kalamu mbili nikaumimina wino wake kwenye jani. Kila mmoja akachovya kidole gumba akakikandamiza chini ya jina lake. Yule aliyekataa alikuja wa mwisho. Aliweka kidole chake, akakifuta kwenye shati langu, akaondoka.

Nilichaguliwa. Ufadhili ulinipeleka Kinshasa, ERAIFT, shule ya kikanda ya misitu ya tropiki iliyoanzishwa 1999 kwa msaada wa UNESCO, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Kinshasa. Huko husoma watu wa nchi nyingi za Afrika, na wa fani mbalimbali: wataalamu wa kilimo, wanabiolojia, wanasheria, wote darasa moja, kwa sababu msitu haugawanyiki kwa fani. Siku ya kujitambulisha nilisema, "Mimi ni Mtwa wa Kabambare." Magoti yalitetemeka. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliomba kupiga picha nami, na mwingine akaniuliza kama najua dawa ya mgongo. Hayo nayo yalinichosha kwa namna yake, lakini ni uchovu ninaouweza.

Masomo yenyewe yalinishinda mwanzoni. Takwimu, ramani za kompyuta, makala za Kiingereza. Mwanasheria wa kukariri vifungu nilijikuta wa nyuma kabisa. Nilifikiri kuacha. Usiku nilikuwa nikiitoa nakala ya ile barua, si kwa kutafuta moyo, ila kwa hofu: nikirudi mikono mitupu, nitamwambia nini yule mzee wa shati? Mwanafunzi mwenzangu kutoka Kameruni alinifundisha ramani hadi usiku wa manane kwa muda mrefu bila kudai chochote. Hiyo nayo sikuistahili.

Nikiwa bado huko, mwezi Novemba 2022, gazeti rasmi la serikali lilichapisha Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili wa nchi yetu. Niliisoma yote kwa mkupuo mmoja. Ardhi, misitu, elimu, afya, ridhaa yetu kabla ya miradi kuingia tunapoishi: yamo. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu Azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2007. Majirani zetu wa Burundi walitutangulia kwa njia nyingine. Katiba yao ya 2005 iliwatengea Batwa viti bungeni na katika seneti, na mmoja wao, seneta Vital Bambanze, alifika hadi kuongoza jopo la wataalamu wa haki za jamii za asili huko Geneva. Nilipokuwa nacheka mizaha Kasongo, Mtwa mwenzangu alikuwa seneta. Sikujua. Sikutaka kujua.

Utafiti wangu ulihusu misitu ya jumuiya. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jumuiya ya wenyeji kupewa msitu wa hadi hekta 50,000 bila kikomo cha muda. Jambo jema. Lakini kwenye kambi nilizofika nilikuta tatizo lilelile la kikombe. Ombi la msitu huandikwa kwa jina la kijiji, na Mtwa huhesabiwa kama mtu wa fulani, si kama mwenye msitu. Anaonyesha mipaka, kwa sababu hakuna aijuaye kama yeye. Karatasi ikija, jina lake halimo. Sikufika kote nilikotaka. Upande wa Salamabila na dhahabu ya Namoya hapakuwa na usalama, nikabadili mpango nikafanya sehemu kubwa upande wa Kasongo. Kazi yangu ina upungufu huo na niliuandika wazi.

Nilipomaliza nilirudi. Sijawa kiongozi wa mtu yeyote. Neno hilo la wafadhili ni kubwa kuliko mimi. Nasoma karatasi za watu, naandika barua zao, nakaa katika vikao vya kijiji na kuuliza majina ya Batwa yako wapi kwenye orodha. Mara nyingine yanaongezwa. Kambi yetu bado haina hati ya msitu. Wasichana wetu bado wanaacha shule kabla ya sekondari. Jina langu la kweli nililidai mahakamani, na kesi ya kulirudisha kwenye diploma imenichukua muda mrefu kuliko uzamili wenyewe. Shangazi yu hai. Yule mfanyabiashara wa Kasongo nilikwenda kumweleza kabla watu hawajamweleza. Alinyamaza kidogo, akaniombea dua.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa umejificha katika kitivo fulani, sina haki ya kukuharakisha, maana mimi nilichelewa. Lakini kama unafikiria ufadhili wa uongozi, nakuomba usianze na insha. Hakikisha cheti chako cha kuzaliwa kipo, kwa sababu wengi wetu hatuna na kukipata kunachukua muda. Weka nakala za diploma na za alama zako mahali pasipolowa. Anza Kiingereza mapema. Na barua ya wazee usiinunue. Nenda nyumbani kabla tangazo halijatoka, ukae, uwasikilize, na wakikukataa siku ya kwanza, lala hukohuko uwaombe tena kesho.